Upana wa Vidole Vitatu

Katika bafu la baba yangu, mjini Ferrol,
taulo ya Jumatatu hukauka Alhamisi,
nayo hainukii sabuni, inanuka kisima.
Kuanzia Oktoba hadi Aprili kioo hakimtambui mtu.
Vigae vinatokwa jasho kama washtakiwa.

Kila Januari naja na siki, brashi, rangi nyeupe.
Napanda ukingo wa beseni, nasugua dari,
kuvu linanidondokea machoni, jeusi, lenye subira.
Napaka rangi, nashuka, najisifu.
Ikifika Pasaka limerudi:
kwanza doa moja, kama tone la wino,
kisha ndugu zake,
kisha ukoo mzima na wakwe.

"Siku hizi rangi ni maji yaliyopewa jina," asema baba.
Tatizo si rangi, nasema.
Hapo tunanyamaza sote wawili,
maana dirisha hatulitaji.

Ni kidirisha tu, hakizidi sinia ya chai,
kinatazama shimo la giza katikati ya jengo
ambamo watu wa ghorofa tano huanika nguo zao
na kusikilizana wakigombana.
Baba alikiziba kwa utepe wa kijivu, tabaka juu ya tabaka,
kipupwe kile mama alipokohoa
tangu Sikukuu ya Watakatifu hadi mimosa zilipochanua.
Baridi isimguse Hermitas akioga, alisema.
Tundu la hewa juu ya mlango
akalishindilia soksi yake nene ya kazini.
Na Hermitas akaoga katika joto, katika mvuke,
akivuta kifuani kile kilichoota ukutani.

Sisemi ndicho kilichomuua.
Hata daktari hakusema.
Lakini swali limekaa pale, limebandikwa utepe,
mwaka wa tisa huu.

Na huyu ni mtu aliyechomelea meli miaka thelathini na minne!
Huyu ndiye aliyenionyesha, nikiwa na meno ya utotoni,
matundu ya hewa kwenye tumbo la chuma,
akaniambia: lisilopumua huoza kwa ndani,
hata likiwa bado halijaonja bahari.

Jumapili iliyopita nilikuwa namwogesha Iria wangu.
Mtoto akakohoa. Mara mbili tu,
kikohozi kidogo, cha povu la sabuni labda.
Jikoni kijiko kikaacha kugonga sufuria.

Baba aliingia na kisu cha kumenyea viazi.
Hakusema neno. Akapanda ukingo wa beseni, miaka sabini na nane,
mkono mmoja juu ya kichwa cha mjukuu kama juu ya nguzo,
akaanza kuchana.
Utepe ulitoka na rangi, rangi ikatoka na kipande cha mbao.
Kidirisha kikakataa.
Akakipiga kofi moja, la mtu anayemwamsha mlevi.

Ikaingia baridi.
Ikaingia harufu ya vitunguu saumu vya watu,
na sauti ya Obdulia wa ghorofa ya tatu:
"Severino! Kumbe ungali hai?"
"Nangojea uanze wewe," akamjibu,
na Iria akacheka hadi maji yakamwagika.

Kisha akapima pengo kwa vidole. Viwili.
Akafikiri. Akaongeza cha tatu.
"Hapo, basi. Nani alipe umeme wa kupasha moto Ferrol nzima?"
Akakwamisha kizibo cha chupa ya divai kisifunge.

Sasa tunaoga tukitukana, haraka, kwa zamu.
Kuvu bado lipo kwenye kona ya juu,
lakini halijaita ndugu zake.

Ile soksi alichelewa kuitoa.
Niliikuta mwenyewe juzi, imefuliwa,
inaning'inia kwenye kamba ya dirishani,
ngumu bado, ina umbo la tundu.
Ilikauka siku ya pili.
Mimi hayo nayaita maendeleo.